Bwana Nernst na Kipande cha Shaba

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni. Siku moja mwalimu wetu wa fizikia alitugawia, kila wanafunzi wawili, kipande cha shaba kilichofungwa uzi, bilauri ya maji na kipimajoto. Tukakichemsha kile kipande, tukakitumbukiza majini upesi, tukasoma maji yamepanda nyuzi ngapi, kisha tukakaa chini kupiga hesabu. Kitabu kilisema kwamba jibu la shaba ni 0.09, yaani joto la kupandisha gramu moja ya shaba nyuzi moja ni kiasi cha sehemu tisa katika mia ya lile linalohitajiwa na gramu moja ya maji. Mimi na mwenzangu tulipata 0.06. Mwalimu akatupiga mkasi kwa wino mwekundu, akatuambia kwamba tabia ya shaba haibadiliki, na kama kuna kilichobadilika basi ni bidii yetu.

Kuhusu bidii alisema kweli, maana maji yalikuwa yamemwagika kidogo nasi tukanyamaza. Lakini kuhusu shaba hakusema yote. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa maktabani nikitafuta jambo jingine kabisa, nilikutana na habari za Mjerumani mmoja ambaye alichukua vipande vya metali kama kile chetu, akavitia katika baridi ambayo hakuna kiumbe awezaye kuishi ndani yake, akaona kwamba ile namba ya kitabu huporomoka. Wala si kuporomoka kidogo. Ukiishusha shaba hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, joto la kuipandisha nyuzi moja ni kama sehemu moja tu katika hamsini ya lile la darasani. Mtu huyo ni Profesa Walther Nernst, na tangu siku ile nimekuwa nikiziokota habari zake popote ninapozikuta. Leo, ndugu msomaji, ningependa kukusimulia, yaliyo mema na yasiyo mema.

Kwanza tuielewe ile shaba, kwani bila hiyo maisha ya bwana huyu yatakuwa orodha ya nishani tu. Fikiria kwamba kila kitu ni chombo cha kutilia joto, kama vile debe lilivyo chombo cha kutilia maji. Kimo cha maji ndani ya debe ndicho kile tunachokisoma kwenye kipimajoto. Ukidondosha tone moja katika debe, hutaona maji yamepanda. Lidondoshe tone lile lile katika kastabini ya fundi wa nguo, maji yatapanda waziwazi. Basi jambo alilolipima Nernst ni kwamba metali ikipozwa sana, debe lake hugeuka kastabini. Tone la joto dogo mno, ambalo shaba ya darasani isingelihisi kabisa, shaba iliyokaribia sifuri kamili hulihisi mara moja. Sifuri kamili ni nyuzi 273 na kidogo chini ya sifuri ya kawaida, na chini ya hapo hakuna pa kwenda.

Nernst alizaliwa tarehe 25 Juni, 1864, katika mji mdogo wa Briesen, Prussia ya Magharibi, ambao leo umo nchini Poland. Baba yake alikuwa hakimu. Kijana mwenyewe alipenda sana mashairi na michezo ya kuigiza, na hamu ya jukwaa haikumtoka hata uzeeni. Alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa siku hizo kuhamahama wakimfuata mwalimu bingwa popote alipo. Huko Graz, mwaka 1886, yeye na mwalimu wake Ettingshausen waligundua jinsi sumaku inavyoleta umeme katika metali ambayo joto linapita ndani yake. Kwa hiyo joto na metali vilikutana mikononi mwake mapema, kabla hata hajawa daktari wa elimu. Shahada hiyo aliipata Würzburg mwaka 1887, kisha Ostwald akamwita Leipzig awe msaidizi wake.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 25, aliandika hesabu inayoeleza nguvu ya umeme inayotoka katika betri. Hesabu hiyo bado ina jina lake na bado inawatesa wanafunzi wa kemia, na madaktari pia wanaihitaji ili kueleza umeme mdogo ulio katika mishipa ya fahamu ya mwili. Mtu mwingine angetosheka na hilo. Nernst alihamia Göttingen, akaoa mwaka 1892, akazaa wavulana wawili na wasichana watatu, akaandika kitabu kikubwa cha kemia mwaka 1893 kilichosomwa na kizazi kizima, na kisha akaunda taa.

Taa hiyo lazima niieleze, kwa kuwa itarudi tena mwishoni kwa njia isiyotazamiwa. Taa za stima za wakati huo zilikuwa na utambi wa makaa, nazo zilikula umeme mwingi na kutoa mwanga hafifu wa manjano. Mwaka 1897 Nernst alitengeneza utambi wa udongo mgumu usioungua, uliochanganywa na oksidi za madini adimu. Ukiwa baridi haupitishi umeme, ila ukipashwa moto kwanza hupitisha na kutoa mwanga mweupe mzuri. Kampuni ya AEG ikainunua haki ya taa hiyo kwa maki milioni moja. Maprofesa wenzake walishangaa, na nadhani wengine waliona wivu. Kwa fedha zile Nernst alinunua motokaa, kisha nyingine, na kuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Göttingen kuvumisha vumbi kwa gari la petroli. Taa yenyewe haikudumu. Iliwaka kwa kuchelewa, ikikusubirisha gizani mpaka utambi upate moto, na baada ya miaka michache ikashindwa na taa yenye utambi wa metali iitwayo tangsteni. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Mwaka 1905 alihamia Berlin kuwa profesa wa chuo kikuu cha mji huo mkuu. Alikuwa mfupi, mwenye upara wa mapema na miwani ya kubana puani, na ulimi wenye makali. Wanafunzi walimpenda na kumwogopa kwa pamoja. Katika mwaka huo huo, husimuliwa kwamba akiwa katikati ya kufundisha, wazo lilimjia mbele ya wanafunzi, naye akaliendeleza pale pale. Mwezi wa Desemba alilipeleka mbele ya wanazuoni wa Göttingen, na mwaka 1906 likachapishwa.

Wazo lenyewe ni hili, kwa maneno ya sokoni. Wanakemia walitaka kujua, kabla ya kuchanganya vitu viwili, kama vitaungana na kwa kiasi gani. Elimu ya joto na kazi, ambayo wenyewe huiita themodinamiki, ilikuwa na kanuni mbili, lakini hizo mbili ziliacha pengo: kila mara ilibakia namba moja isiyojulikana. Nernst alisema kwamba ukishuka hadi karibu na sifuri kamili, tofauti zote za namba hiyo huyeyuka na kuwa si kitu. Kwa hiyo ukipima joto la vitu kutoka chini kabisa hadi juu, unaweza kuhesabu mwenendo wao wa kemia bila hata kuwasha jiko. Ndiyo inayoitwa sasa kanuni ya tatu. Yeye mwenyewe hakuwa mnyenyekevu juu yake. Alikuwa akitania kwamba kanuni ya kwanza ilipatikana na watu watatu, ya pili na watu wawili, ya tatu na mtu mmoja, yaani yeye, kwa hiyo haiwezekani kukawa na ya nne.

Mzaha ni mzaha, ila kanuni isiyopimwa ni maneno tu. Ili ijulikane kama ni kweli, ilibidi kupima vitu vingi katika baridi kali, na hapo ndipo maabara ya Berlin ilipogeuka karakana. Nernst na fundi wake walijenga mtambo mdogo wa kuigeuza gesi ya haidrojeni kuwa maji maji, wenye kufikia zile nyuzi 253 chini ya sifuri. Huko Leiden, Uholanzi, Profesa Kamerlingh Onnes alikuwa na mitambo mikubwa mara nyingi zaidi, na mwaka 1908 aliigeuza heliamu kuwa maji maji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Nernst hakutaka ukubwa. Alitaka chombo kidogo kinachofanya kazi upesi.

Hicho chombo cha kupimia nakihusudu mpaka leo. Unachukua kipande cha metali, unakizungushia uzi mwembamba wa platinamu, unakining'iniza ndani ya chupa iliyonyonywa hewa yote ili joto lisipate njia ya kuingia wala kutoka. Chupa inazamishwa katika baridi. Halafu unapitisha umeme kidogo, uliopimwa sawasawa, katika ule uzi. Uzi unapata moto na kukipasha kipande, na uzi ule ule ndio kipimajoto, kwa sababu platinamu hupitisha umeme kwa shida zaidi kadiri inavyopata joto. Kwa hiyo uzi mmoja hufanya kazi mbili, ya jiko na ya kipimajoto. Hakuna maji ya kumwagika! Laiti sisi wanafunzi tungekuwa nacho kile.

Nernst na wasaidizi wake, kama Arnold Eucken na Mwingereza kijana Frederick Lindemann, walipima risasi, fedha, shaba, chumvi za aina mbalimbali na almasi. Kwa karibu miaka tisini watu walikuwa wakiamini kanuni ya Wafaransa wawili, Dulong na Petit, ya mwaka 1819, kwamba kila atomu ya kitu kigumu hubeba joto sawa na mwenziwe. Almasi ilikuwa imeshaleta mashaka, maana hata katika joto la chumba hubeba kama robo tu ya lile linalotakiwa. Sasa ikaonekana kwamba almasi haikuwa mkaidi peke yake. Kila kitu kilichopozwa kilifuata njia ile ile, kila kimoja kwa wakati wake. Risasi ilivumilia mpaka baridi kali sana ndipo ikaanza kushuka. Shaba ilianza mapema zaidi. Zote zilikuwa zinateremka kuelekea si kitu.

Kwa nini? Jibu lilikuwa limeandikwa tayari mwaka 1907 na karani wa ofisi ya hataza huko Bern, Uswisi, jina lake Albert Einstein, na watu wengi hawakulijali. Joto la kitu kigumu ni mtikisiko wa atomu zake. Einstein alisema kwamba atomu haiwezi kupokea nguvu ya kutikisika kwa kiasi chochote inachotaka, bali kwa vifurushi kamili. Nifanye mfano wa duka ambalo haliuzi sukari chini ya kilo moja. Wanunuzi wakiwa na fedha tele, kila mmoja ananunua na duka lina shughuli. Wakiwa maskini, wengi hawafikishi bei ya kilo moja, basi wanaondoka mikono mitupu. Baridi kali ndio umaskini wa atomu. Almasi vifurushi vyake ni vikubwa, ndiyo sababu hushindwa mapema. Vya risasi ni vidogo, hivyo huendelea kununua mpaka mwisho.

Mwaka 1910 Nernst alifunga safari kwenda Zürich, ambako Einstein alikuwa sasa profesa, akaonana naye. Jambo hili si dogo. Mzee wa Berlin mwenye jina, fedha na motokaa alimwendea kijana wa miaka 31 kwa sababu ya namba zilizotoka katika vipande vya metali vilivyogandishwa. Aliporudi akaanza kulitangaza jina la Einstein. Alimshawishi tajiri wa Ubelgiji, Ernest Solvay, agharimie mkutano wa mabingwa mjini Brussels mwaka 1911, na huko jambo la vifurushi vya nguvu likazungumzwa na wakubwa wote wa fizikia kwa mara ya kwanza. Mwaka 1913 yeye na Max Planck walikwenda tena Zürich, safari hii kumwomba Einstein ahamie Berlin, naye akahamia mwaka 1914. Wapo wanaomkumbuka Nernst kwa betri. Mimi naona hii safari ya 1910 ndiyo kazi yake bora, kwa kuwa kukubali kwamba mwingine amekwisha kueleza kile ulichokipima wewe ni kazi nzito kwa mtu mwenye majivuno.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Agosti 1914 Nernst alikuwa na miaka 50. Alijiandikisha kuwa dereva wa kujitolea, akaipeleka motokaa yake mwenyewe Ufaransa na kubeba barua za majenerali mpaka jeshi lilipokaribia Paris na kurudishwa nyuma. Hapo ndipo palipo na jambo ambalo siwezi kulipitia kwa haraka. Wakubwa wa jeshi walimtaka atafute kemikali za kumtoa adui katika mahandaki, naye akakubali. Makombora yaliyotiwa unga wa kuwasha pua na macho yalirushwa Neuve-Chapelle mwezi wa Oktoba 1914, na yalikuwa dhaifu hata Wafaransa hawakutambua kwamba wamerushiwa kitu kipya. Mwaka 1915 Fritz Haber alileta gesi ya klorini, ambayo haikuwa dhaifu. Nernst aligeukia mizinga mifupi ya mahandaki, akapewa nishani. Wako wanaosema kwamba yeye alitafuta kemikali isiyoua ili kufupisha vita. Huenda nia ndiyo hiyo. Lakini mlango ulifunguliwa na mikono mingi, na mmojawapo ulikuwa wa mtu yule aliyekuwa ameizungushia shaba uzi wa platinamu kwa uangalifu mkubwa hivyo.

Wavulana wake wote wawili, Rudolf na Gustav, waliuawa katika vita hiyo. Hakubakiwa na mtoto wa kiume.

Zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920 ilikuwa yake, ingawa aliipokea mwaka 1921. Kwa miaka miwili, tangu 1922, aliongoza taasisi ya taifa ya vipimo huko Berlin, kisha akashika kiti cha profesa wa fizikia mpaka alipostaafu. Alijaribu hata kuunda piano ya umeme, mapema katika miaka ya 1930, lakini wapiga piano hawakuichangamkia. Alikuwa pia na shamba, mahali paitwapo Zibelle. Husimuliwa kwamba siku moja ya baridi aliingia katika zizi la ng'ombe, akashangaa kukuta mle ndani pana joto ingawa hapakuwa na jiko. Akaambiwa kwamba joto lile latoka katika miili ya ng'ombe wenyewe. Akawauza. Alisema hataki kuwalisha wanyama kwa gharama yake ili waupashe moto ulimwengu, akafuga samaki wa bwawani waitwao karpi, ambao mwili wao huwa na joto sawa na la maji. Sijui kama hesabu ya faida ilimjia sawa, lakini nimekicheka kisa hiki mara nyingi.

Mwaka 1933 Hitler alishika serikali, na Wayahudi wakaanza kufukuzwa katika vyuo vikuu. Nernst hakuwa Myahudi wala hakuwa mfuasi wa Nazi, naye hakuficha dharau yake kwao. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi, na wote wawili wakaihama nchi pamoja na waume zao. Einstein hakurudi tena Ujerumani. Haber, ambaye alikuwa amelitumikia jeshi la Ujerumani kuliko wengi, aliondoka na kufa ugenini mwaka 1934. Watu aliowakusanya Nernst kwa miaka thelathini walitawanyika katika muda wa miezi michache. Yeye akajitenga shambani kwa samaki wake.

Miongoni mwa waliotoka alikuwamo Franz Simon, mwanafunzi wa Nernst mwenyewe. Simon alikuwa amepigana upande wa Ujerumani katika Vita vya Kwanza, akajeruhiwa na kupewa nishani ya Msalaba wa Chuma, lakini alikuwa Myahudi. Alipata udaktari wake chini ya Nernst mwaka 1921, kisha akatumia miaka mingi kuitetea kanuni ya tatu dhidi ya waliodai kwamba ina kasoro, akipima kitu baada ya kitu mpaka wapinzani wakanyamaza. Yule Lindemann, ambaye sasa alikuwa profesa Oxford na ambaye baadaye angekuwa mshauri wa Churchill, alikuja Ujerumani mwaka 1933 kutafuta mabingwa waliofukuzwa. Simon akaenda naye Oxford. Ule ustadi wa baridi uliozaliwa Berlin ukavuka bahari pamoja na mizigo ya wakimbizi.

Na mwaka 1935, akiwa Oxford, Simon aliandika barua fupi katika jarida la Nature ambayo watu wachache waliitilia maanani. Aliuliza hivi, kwa maana: ikiwa metali iliyogandishwa ina kastabini badala ya debe, kwa nini tusiitumie kunasa joto dogo linalotoka katika madini yenye mnururisho kama radi? Alipendekeza kipande cha metali cha ukubwa wa sentimita moja kila upande, kitiwe katika heliamu ya maji maji. Metali aliyoichagua ni tangsteni. Ndiyo ile ile iliyoiua taa ya mwalimu wake.

Wazo hilo lililala karibu miaka hamsini. Mwaka 1984 Ettore Fiorini wa Italia na Tapio Niinikoski wa Finland waliandika kwamba kwa mitambo mipya ya baridi inawezekana kuhisi joto la chembe moja tu ya mnururisho inapokipiga kipande kilichogandishwa. Tokea hapo kazi ikaanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ambapo mwamba wa meta 1,400 juu ya maabara huzuia miale ya angani isilete makelele. Mwaka 2014 waliipoza shaba ya kilo kama 400 huko mpaka ikabakiwa na elfu sita za uzi mmoja, yaani 0.006, juu ya sifuri kamili, ikakaa hivyo kwa siku 15. Mwaka 2017 wakaanza kazi kwa vipande 988 vya fuwele yenye teluri, vikiwa vimeshikwa katika fremu za shaba, wakingoja mvunjiko wa atomu ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona.

Utaniuliza kwa nini fuwele na si shaba tupu. Hapa elimu imeendelea kupita alipofika Nernst. Peter Debye alionyesha mwaka 1912 kwamba ukipunguza kimo cha baridi kwa nusu, joto linalobebwa na mtikisiko wa atomu hubaki moja ya nane. Lakini metali zina pia elektroni zinazorandaranda, nazo zina fungu lao, ambalo ukipunguza kwa nusu hubaki nusu. Kwa hiyo huko chini kabisa fuwele isiyo na elektroni za namna hiyo ni kastabini ndogo kuliko shaba. Shaba yenyewe, kwenye elfu kumi za uzi mmoja, debe lake limepungua zaidi ya mara milioni tatu kuliko lile la darasani, na bado ni kubwa mno kwa kazi hii. Faida yake ni kwamba hupitisha joto vizuri, ndiyo maana imepewa kazi ya kushika na kupoza.

Hata hivyo shaba ina ukaidi wake. Ikiwa katika kuyeyushwa ilinasa haidrojeni kidogo ndani yake, basi haidrojeni hiyo hujigeuza polepole kutoka aina moja kwenda nyingine, na kutoa joto kidogo kidogo kwa majuma mengi, na mtambo mzima unakataa kupoa. Tabia ya ajabu ya joto la haidrojeni ilipimwa kwanza mwaka 1912 huko Berlin na Eucken, katika maabara ya Nernst. Na mlima ule ule wa Gran Sasso una kundi jingine la wataalamu wanaotafuta chembe za maada ya giza, nao vipimajoto vyao ni utando mwembamba wa tangsteni.

Nernst hakuyaona hayo. Mwaka 1937 Oxford walimpa shahada ya heshima, akaenda kuipokea na kuonana na wanafunzi wake waliokuwa wamepata makao huko. Kisha akarudi Zibelle. Alikufa tarehe 18 Novemba, 1941, katikati ya vita nyingine, mabinti zake wawili wakiwa ng'ambo ambako barua hazikufika. Baada ya vita mpaka ukasogezwa na Zibelle ikawa upande wa Poland, inaitwa Niwica. Kaburi lake liko Göttingen, katika makaburi alimolala Planck pia, katika mji ule alioanza kuuvumishia vumbi kwa motokaa yake.

Daftari langu la kidato cha tatu bado ninalo. Ule mkasi mwekundu umefifia kidogo, na 0.06 yetu inasomeka. Juzi nilipiga hesabu nikaona kwamba shaba inaifikia namba hiyo kweli, kwenye kiasi cha nyuzi 170 hivi chini ya sifuri.